SMS, WhatsApp au RCS? Kabla hujanunua meseji za kutangazia biashara, kagua ritifaa

"Dada, nimeibiwa meseji." Ndivyo alivyoniandikia msomaji mmoja mwenye duka la vyakula vya mifugo Morogoro. Alinunua kifurushi cha meseji elfu kumi ili awaarifu wateja wake elfu nne kwamba mzigo umeingia. Kifurushi kikakata huku wateja zaidi ya mia sita hawajapata kitu. Kumpigia muuzaji, akajibiwa, "Mfumo ndivyo unavyohesabu, mama," na simu ikakatwa.

Nikamwomba anitumie ujumbe wenyewe. Huu hapa:

Habari ndugu mteja. Chakula cha ng’ombe wa maziwa kimefika leo, mfuko wa kilo 50. Wahi kabla hakijaisha. Tupo wazi hadi saa 12 jioni. Karibu sana!

Herufi 146 ukihesabu na nafasi. Kila mtu anajua SMS moja inabeba 160, kwa hiyo hapo ni meseji moja na chenji inabaki. Sasa itazame ile ritifaa, yaani kile kialama cha juu kwenye ng’ombe. Imepinda. Aliandika kwenye iPhone, na iPhone ina tabia ya kuipinda ritifaa ili ipendeze. Word nayo ni hivyohivyo. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye orodha ya herufi za kawaida za SMS, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamishiwa mfumo mwingine wa herufi, ambao nafasi yake ni 70 badala ya 160. Ukizidi 70 unakatwa vipande vya herufi 67, maana nafasi kidogo inaliwa na maelekezo ya kuviunganisha tena kwenye simu ya mteja. 146 kwa 67, vipande vitatu. Mteja anaona ujumbe mmoja, wewe unalipia mitatu. Elfu kumi gawa kwa tatu, ndiyo hao wateja elfu tatu na ushee waliopata. Meseji zake zililiwa na ng'ombe.

Na hata angefuta "Karibu sana!" zingebaki herufi 133, ambazo bado ni vipande viwili.

Haya ndiyo ninayotaka uyaangalie kabla ya kitu kingine chochote, na ndiyo maana bei ya meseji moja sitaizungumzia sana. Bei utaiona kwenye kila bango. Hakuna bango linalokwambia kwamba sisi tunaoandika Kiswahili tuna ritifaa kila kona: dobi anang'arisha, kliniki inang'oa meno, saluni inauza mafuta ya ngozi kung'aa, wakala anasafirisha mizigo kutoka ng'ambo. Emoji nayo inafanya kosa lilelile, hata kamoja ka tabasamu mwishoni. Vilevile ile mistari mirefu ambayo Word inaiweka badala ya kistari.

Tiba ya iPhone ni rahisi: ingia kwenye mipangilio ya kibodi, zima uakifishaji wa kujirekebisha wenyewe (Smart Punctuation). Tangazo usilikopi kutoka Word wala kutoka kwenye grupu la WhatsApp. Liandike palepale kwenye ukurasa wa muuzaji wa kutuma meseji.

Sasa tupange.

Ya kwanza: SMS ya kawaida yenye jina lako

Najua wengi mlitegemea niseme WhatsApp. Hapana. Kama lengo ni kumfikia mtu ambaye hajakutafuta leo, SMS bado ndiyo baba lao. Inaingia kwenye kitochi, haingoji bando, na mzee wa Dakawa mwenye ng'ombe wanne wa maziwa ataisoma hata kama simu yake haijawahi kuona intaneti.

Itume kwa jina la biashara, usitume kwa namba ya laini. Jina lina mwisho wa herufi 11, kwa hiyo "DukaLaMifugo" halitoshi, ni 12. Fikiria ufupisho mapema. Nchi hii tumeshapigwa sana na ile "pesa itume kwenye namba hii", hadi TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikatupa 15040 ya kuripotia matapeli. Meseji kutoka namba ngeni watu wanaifuta kabla hawajaimaliza. Ila ukitumia jina, mteja hawezi kukujibu, kwa hiyo weka namba ya simu ndani ya ujumbe. Nayo inakula herufi 10.

Wa kununua kwao? Mimi sifichi, napenda Africa's Talking. Kampuni ya Nairobi, ipo tangu 2010, na hajanilipa mtu. Ninachokipenda ni kwamba kila ujumbe ukishatumwa, mfumo unakurudishia gharama yake na hali yake, namba kwa namba. Wana pia sehemu ya kujaribia ambako unacheza bila kutumia hela. Ukituma kumi ukakatwa za thelathini, utaliona hapohapo, hutasubiri kifurushi kiishe ndipo ushangae. Halafu jina lao lenyewe lina ritifaa, nahisi wanatuelewa. Ubaya wao ni kwamba ukurasa wao umekaa kifundi, ukiingia mara ya kwanza utadhani umepotea. Kaa na kijana anayejua kompyuta saa moja, utazoea.

Ya pili: WhatsApp Business

Kwa mteja anayekujua tayari, hapa hakuna mpinzani. Picha ya mfuko, bei, ramani ya duka, katalogi, vyote vinaingia, na ritifaa ipinde itakavyo, haikuongezei hata senti. Programu yenyewe ni ya bure tangu ilipotoka Januari 2018.

Lakini kuna jambo linawaumiza wengi. Orodha ya matangazo inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kuwa na namba yake haitoshi. Dada mmoja wa keki aliwahi kuniuliza kwa nini anatangaza kila Ijumaa na majibu yanatoka kwa watu walewale. Hao ndio waliomsevu! Wengine wala hawajui kama alitangaza.

Ukitaka kuvuka hapo unahamia huduma ya kulipia ya Meta, wenye WhatsApp, ile inayounganishwa na mfumo wa biashara. Tangu Julai 2025 wanatoza kwa kila ujumbe unaofika, na wa matangazo hauna bei sawa na wa taarifa kama risiti au kumbusho la miadi. Mteja akikuandikia yeye, una saa 24 za kumjibu bila kutozwa. Hapo ndipo ujanja ulipo: tuma SMS fupi ya kuwavuta waje WhatsApp kuuliza, kisha mazungumzo yote yafanyikie huko. Msomaji wangu wa Morogoro ndivyo nilivyomshauri.

Ya tatu: RCS

Hii ndiyo meseji yenye picha, vitufe na nembo ya kampuni, inayoingia palepale SMS zinapoingia. Kwenye Android inapita Google Messages, na Apple waliipokea na iOS 18 mwaka 2024. Inapendeza, nakubali. Lakini inahitaji simujanja, intaneti, biashara yako kuhakikiwa, na mtandao wa mteja uwe umeiruhusu. Muuzaji akikuletea RCS muulize hilo la mwisho, mtandao kwa mtandao, akujibu kwa maandishi.

Muulize na hili: simu isiyopokea RCS inapata nini? Kwa kawaida ujumbe unashushwa kuwa SMS, na ukishashuka, hesabu ya vipande inaanza upya. Yale maelezo marefu uliyoyapamba na emoji kwa ajili ya RCS yanageuka SMS nne tano kwa kila mwenye kitochi. Benki itavumilia. Duka la mtaani, subiri kwanza.

Za bei chee

Laini ya kawaida yenye kifurushi cha SMS inafaa ukiwa na wateja hamsini. Programu za kurusha WhatsApp kwa maelfu zisizotoka kwa Meta zitakufungishia namba. Basi, tumemaliza hapo.

Na nyie wauzaji

Kinachonikera ni kwamba hili linazuilika kabisa. Ukurasa wa kutuma meseji unaweza kuandika "ujumbe huu ni vipande 3" kabla mtu hajabonyeza. Wengine wanafanya hivyo. Wengine wanakaa kimya kwa sababu kimya kinawauzia vifurushi. Halafu wanakuandikia "imetumwa" kana kwamba ni sawa na "imefika", huku nusu ya namba zimezimwa tangu mwaka juzi na salio limeshakwenda. Halafu kifurushi kina tarehe ya mwisho! Maziwa yanaganda, hilo naelewa, lakini meseji inaharibikaje?

Na wale wanaokuja na ofa ya "namba laki moja za wateja wa Dar", waambie wazi kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wenye namba hizo hawakukupa ruhusa wewe, na atakayelalamikiwa ni mwenye jina lililoonekana kwenye meseji.

Kabla hujalipia chochote, omba kutuma ujumbe mmoja wa majaribio kwenda namba yako mwenyewe. Uwe wa herufi kati ya 135 na 160 na uwe na ng’ombe mwenye ritifaa iliyopinda. Tazama salio kabla na baada. Likipungua tatu bila ukurasa kukuonya, nenda kwa muuzaji mwingine.