Wakili wa kesi yangu ya mbwa: kazi anaijua, simu hapokei

Mimi ni fundi cherehani, Mwenge. Mwaka jana nilikwenda Mbezi Beach kumpima mteja nguo. Mlinzi akafungua geti: "Pita tu mama, huyu hang'ati." Leo kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia, havikunji.

Shoga yangu akanipeleka kwa wakili mmoja mjini, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Jina siliweki, maana lawama zinakuja. Ila kazi anaijua. Swali lake la kwanza lilikuwa getini pameandikwa nini. Pana kibao, "MBWA MKALI", na mwenye nyumba alikuwa anajitetea nacho, eti nilionywa. Wakili akacheka. Akasema kibao hichohicho kinaonyesha alijua mbwa wake ni mkali, na aliyejua halafu akamwacha bila mnyororo mchana kweupe ana la kujibu. Tukakipiga picha siku ileile kabla hakijang'olewa.

Kisha akatoa sindano na uzi kwenye droo. "Tunga, mama." Nilihangaika mpaka jasho likanitoka, uzi unapita pembeni ya tundu, mkono wa kushoto unakuja kusaidia. Yeye anaandika tu. Nilikuwa nimekwenda kudai hela ya kidonda, kumbe riziki iliyokatika nayo inadaiwa.

Halafu risiti. Kila ulichotumia, mahakama inataka ukithibitishe kimoja kimoja. Chanjo ya kichaa cha mbwa, siku ileile, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, risiti ninazo zote, na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, na ripoti ya daktari. Za bajaji sina hata moja, basi hizo zimeliwa. Maumivu na ulemavu wenyewe anakadiria hakimu.

Sasa lawama. Simu hapokei. Barua ya madai niliyoahidiwa kwa wiki moja ilichukua miezi miwili, karani kila siku "njoo kesho". Nikamkumbusha wakili kuwa madai haya ukomo wake ni miaka 3. Akanijibu, "Si bado ipo, mama?" Na kopi wanatoza shilingi 200, hata ya karatasi waliyokosea wenyewe!

Mwenye mbwa kakubali kulipa matibabu, ya vidole anabisha, kwa hiyo tumefungua kesi. Wakili nampa nyota nne, ofisi yake mbili. Ukienda, wahi asubuhi kabla hajaondoka kwenda mahakamani, na kopi toa hukohuko mtaani, shilingi 100.