Taksim kwenye MuseScore na LilyPond, uzoefu wangu

Jamani, kama unaandika taarab kwa noti na hujafika kwenye taksim, kile kipande cha ala moja peke yake, basi bado hujaijua programu yako. Wimbo hauna tabu, bashraf, ule muziki wa ala tupu, haina tabu, mdundo upo na baa (vipande vya mdundo) zinahesabika. Taksim ndo kimbembe, mpiga udi anatembea peke yake hana mdundo wa kumfunga, maqam, yaani ngazi ya sauti anayopigia, anaizungusha anavotaka, na hizi programu zimejengwa zikiamini kila muziki una baa. Nimetumia MuseScore 4 na LilyPond kwa kazi hii hii, zote za bure.

MuseScore kwa nyimbo za kawaida naipenda sana, unabonyeza noti unaiona na unaisikia papo hapo. Kwa taksim una njia mbili. Ya kwanza unaingia kwenye mipangilio ya baa unairefusha, badala ya 4/4 unaipa 40/4 ukitaka, unaificha alama ya mdundo. Ila baa moja haikatiki katikati ikashuka mstari wa chini, kwahiyo noti zinabanana mpaka hazisomeki. Halafu kuna shapu, alama ya kupandisha noti nusu sauti. Shapu ikishawekwa inashika mpaka mwisho wa baa, sasa baa yako ndo taksim nzima! Chukua maqam ya Hijaz inayoanzia re, sib na mib (si na mi zilizoshushwa kwa flati) ziko kwenye ufunguo, zile alama za mwanzo wa mstari, lakini fa shapu unaiweka mwenyewe, ukiiweka mara moja programu inaona imemaliza kazi, na mwanafunzi anayekuja kuipiga fa ile mbali huko mbele hana habari. Inabidi uziwekee shapu kwa mkono moja moja.

Njia ya pili unaigawa taksim kwenye baa fupi fupi halafu unaificha mistari ya baa. Hapo mistari inakatika vizuri na karatasi inapendeza, lakini ndo hatari yenyewe iko hapa, naomba mnielewe. Baa zimefichwa lakini kwa programu bado zipo. Umepiga fa shapu mwisho wa baa moja, baa inayofuata inaanza na fa ya kawaida, programu inaona baa mpya imeanza haina sababu ya kuweka nachuro (alama ya kuirudisha noti kawaida), ila msomaji haoni mstari wowote pale, anasoma fa shapu tena. Kwenye Hijaz noti hiyo moja ndo inayobeba ladha yote, ukiikosea umeimaliza taksim. Kwa hiyo kila ulipoficha mstari rudi ukague, nachuro weka mwenyewe.

LilyPond ni kitu kingine kabisa, hakuna kubonyeza noti, unaandika maandishi halafu yenyewe inakuchorea karatasi. Mwanzo inachosha, nisiwadanganye, mabano moja ukisahau kufunga inakumwagia lawama za ajabu, tumia Frescobaldi, programu ya kuandikia LilyPond, itakusaidia kuona unachoandika. Ila hawa watu taksim wameifikiria! Kuna faili la muziki wa Kiarabu linakuja nayo, arabic.ly, unaandika do re mi kama tunavozitaja, mi ya nusu flati (imeshushwa robo sauti) ya maqam ya Rast unaandika misb tu, na funguo za Rast na Bayati, maqam nyingine, zimo tayari. Hijaz unaiandikia ufunguo wa maqam ya kurd. Halafu unaweka \cadenzaOn, baa zinasimama, hesabu ya baa inasimama, andika mpaka uchoke. Ukiongeza \accidentalStyle forget kila fa shapu inaandikwa shapu yake, haitegemei iliyopita, kanuni inakuwa moja tu: noti isiyo na alama inafuata ufunguo. Mwambie mpigaji hivo kabla hajaanza, na ukitaka kumhakikishia kabisa andika fa! nachuro itatokea.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Ukiwa ndani ya \cadenzaOn mstari haushuki wenyewe, unaandika \bar "" kila unapotaka kuruhusu kukata, usipoweka noti zinapitiliza nje ya karatasi. Na mikia ya noti fupi haijiungi, unaiunganisha mwenyewe kwa mabano ya mraba. Hilo la mikia mimi nalipenda, mana kwenye taksim namna ulivyoziunga noti ndo inamwonyesha mtu pumzi iko wapi.

Nyimbo naendelea kuandika MuseScore, taksim zote nimehamishia LilyPond kwenye karatasi yake peke yake, na wanafunzi wa udi na fidla wanazisoma bila kuniuliza fa hii ipi. Wa akodiani taksim ya Rast usimpe hiyo hiyo, vibao vyake vya kawaida havina nusu flati, mwandikie yake.