Rimu ya Pulsar kwenye Boxer BM150: nyuma inafaa, mbele usikubali kuchomelewa

Wakuu, kama una Boxer BM150 ya spoku na unatamani rimu za alumini za Pulsar 150, jibu langu ni hili, gurudumu la nyuma linafaa na mi nimeridhika nalo sana, la mbele achana nalo mpaka uwe tayari kuhamisha foku nzima, yaani miguu ya shokapu za mbele, na breki yake. Naandika kuhusu gurudumu lenyewe na pia mafundi walionihudumia hapa Dar, maana kwenye shughuli hii ukipata rimu nzuri ukaangukia kwa fundi wa kubahatisha umeumia.

Boxer yangu inapiga kazi, kreti za soda, viroba vya unga, abiria, na njia zetu za huku ndani mnazijua, lami ikiisha ni makorongo mpaka mlangoni. Spoku zinalegea, unakaza hizi zile zinaanza kulia, rimu inapiga wimbi na tairi inayumba ukiiangalia kwa nyuma. Sisemi spoku ni mbaya, spoku ina heshima yake, ikikunjika hata fundi baiskeli wa mtaani anaweza kukusogeza ukafika nyumbani, rimu ya alumini ikipasuka ndo imepasuka. Ila nilichoka kupeleka gurudumu kukazwa kila mara.

Kwa nini Pulsar na siyo nyingine? Zote mbili ni Bajaj, zote ni inchi 17, na nyuma zote zina breki ya dramu, ukiacha zile Pulsar 150 chache zenye disiki mbele na nyuma. Boxer inakuja na tairi 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, kwa hiyo mkao wa pikipiki hauharibiki. Angalizo, zile Pulsar za mwanzo kabisa za miaka ya 2001 kuja 2004 zilikuwa na gurudumu la inchi 18, kwa hiyo usibebe tu kisa imeandikwa Pulsar, soma namba kwenye rimu. Na wenzangu wa pikipiki za Kichina za mfumo wa Honda CG125, nyingi zenu zina inchi 18, ukishusha mbele kutoka 2.75-18 kwenda 2.75-17 kipenyo kinapungua kama sentimita 2 na nusu, pikipiki inainama mbele na spidomita inayosoma kwa gurudumu la mbele inakudanganya kwa kuzidisha kama asilimia 4. Siyo mwisho wa dunia ila ujue kabla hujatoa hela.

Sasa mafundi. Gereji ya kwanza niliyoenda sitaitaja. Nilifika nikitaka kuulizia magurudumu yote mawili, mbele na nyuma. Gurudumu la mbele la Pulsar 150 lina disiki ya mm 240, na disiki inahitaji kaliper, kile kibano kinachoibana disiki, na kaliper inahitaji masikio ya kufungia kwenye mguu wa shokapu. Boxer ya dramu haina masikio hayo. Jamaa akachukua kipande cha chuma akakipima kwa jicho pale kwenye shokapu akaniambia, "Bosi, tunachomelea kidogo tu hapa, inakaa milele." Nikamuuliza huu mguu wa shokapu si alumini? Akasema ndio, ila wana waya wake wa kuchomelea. Nikawasha nikaondoka. Jamani ule mguu ni alumini ya kumimina, ukiuunguza unapoteza ugumu wake, na hapo ndo unataka kuning'iniza breki ya mbele ambayo ndo inabeba kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki. Siku unashuka mteremko na mzigo, daladala imekata mbele yako, umebana breki yote, kile kipande kikichomoka kinaingia kwenye gurudumu. Watu wanakufa kwa vitu hivi, na fundi anayekuambia ni kidogo tu hatakuwepo.

Ya pili ni fundi mmoja pale mtaa wa Gerezani hapa Dar, kijibanda kidogo tu, huyu nampa alama zote. Kabla hajashika spana alitoa kaliper ya kupimia akapima ekseli yangu, akapima tundu la beringi za hub, yaani kitovu cha gurudumu, ya Pulsar, akapima upana wa hub kutoka beringi mpaka beringi pamoja na spesa zake, vile vipande vya kujaza nafasi kwenye ekseli, akaandika kwa chaki sakafuni. Nikajua nipo kwa mtu. Akaniambia kaka, gurudumu hili chukua na ekseli yake na spesa zake na sproketi yake, usichanganye nusu ya huku na nusu ya kule. Na beringi tukaweka mpya. Hapa msikubali ile ya "zote sawa tu", beringi 6301 ina tundu la mm 12, 6302 ina mm 15, kuna watu wanapitisha ekseli nyembamba kwenye tundu kubwa wanajazia bati la kopo la soda, inakaa wiki inaanza kucheza, inakula hub yote.

Kilichonifurahisha zaidi ni alivyonyoosha mstari wa cheni. Alifunga gurudumu bila cheni kwanza, akalaza rula ndefu ya chuma ubavuni mwa sproketi ya nyuma mpaka ifike ya mbele. Ya nyuma ilikuwa imetoka nje kidogo tu, mwanga unapita kati ya rula na jino. Hakusema itajizoesha. Alitoa spesa ya upande mmoja akaenda kwa mkereza akapunguza kidogo, akarudi, akapima tena, mwanga ukaisha. Halafu akafunga uzi pande zote mbili za tairi ya nyuma akauvuta mpaka mbele kuhakikisha magurudumu yanafuatana. Nimekaa nayo sasa, meno ya sproketi nikiyaangalia yameng'aa sawa pande zote, yangekuwa yameliwa upande mmoja ningejua cheni inavutwa kando.

Raba za ndani ya hub, zile zinazokaa kati ya sproketi na gurudumu, badilisheni hata kama zinaonekana nzima. Za used zinakuwa zimekufa, ukibadili gia unasikia ko! na cheni inapata shida bure. Ni kitu cha bei ndogo sana.

Halafu fimbo ya breki. Hii ndo nawaomba muisome mara mbili. Kifuniko cha dramu ya nyuma kinazuiwa kuzunguka na fimbo inayofungwa kwenye mkono wa nyuma wa pikipiki, ule unaoshika gurudumu. Ukibadili hub, tundu la fimbo linaweza lisikae pale lilipokuwa, na kuna mafundi wanakunja fimbo au wanafunga na waya ya kufungia mizigo. Fimbo ikikatika ukiwa umekanyaga breki, kifuniko chote kinazunguka na gurudumu, waya au fimbo ya pedeli inavutwa, gurudumu linajikaza ghafla. Fundi wangu alipata fimbo ya urefu sahihi, akafunga bolti ya kiwango na kota pini. Kwa mbele ni vivyo hivyo kwa wanaoweka rimu za alumini zenye dramu, ule mfereji kwenye kifuniko lazima uingie wenyewe kwenye nundu ya shokapu, ukae umebana, siyo kupigwa nyundo.

Kuhusu tairi. Pulsar 150 nyingi zinatumia 100/90-17 nyuma, inapendeza kweli, pana, ila fanya hesabu. 3.00-17 ina kipenyo cha kama mm 584, 100/90-17 inafika kama 612, yaani kila mzunguko gurudumu linakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 5. Ni kama umepunguza meno ya sproketi ya nyuma, spidi ya juu unaipata ukiwa mtupu ila kilimani na mzigo pikipiki inalia, unashuka gia mapema. Afu upana wenyewe, angalia isikaribie cheni wala ile fimbo ya breki. Mi nimeweka 90/90-17, tofauti ya kipenyo ni chini ya asilimia 2, nguvu ipo vile vile. Ukinunua angalia na namba ya uzito pembeni mwa tairi, 50 maana yake inabeba kilo 190, 55 kilo 218, kwa sisi wa mizigo hiyo ni namba muhimu kuliko mapambo ya kashata, ile michoro ya juu ya tairi.

Barabarani sasa. Kwenye lami pikipiki imetulia, ule mtikisiko wa nyuma nikizidi 60 umeisha. Kwenye makorongo unasikia ugumu kidogo kuliko spoku, spoku zina kaunyumbufu fulani, kwa hiyo shimo kubwa napunguza mwendo mapema. Upepo naangalia mara kwa mara, tairi laini kwenye rimu ya alumini ukigonga ukingo wa shimo rimu inachanika mdomo. Na tyubu nimebaki nayo, maana Pulsar za zamani rimu zake zilikuja kwa tyubu, siyo kila rimu ya alumini ni tubeless, usipachike valvu tu ukaita tubeless.

Bei, gurudumu la used na beringi mpya, raba, na ufundi wote haikufika bei niliyotajiwa Kariakoo ya pea moja ya rimu mpya za sporti. Ila used ina kazi yake ya kukagua. Ifute vumbi kabisa, angalia mizizi ya mikono ya rimu pale inapoungana na duara, ufa unaanzia hapo, na ukiona rangi mpya sehemu moja tu kwaruza na ukucha, inawezekana chini kuna uchomeleaji. Izungushe kwenye ekseli ukiwa umeweka kidole karibu na ukingo, kama inakaribia na kuachana na kidole, rudisha.

Kwa hiyo nyuma naipa 9 kwa 10, hiyo moja nimeitoa kwa ugumu wa kwenye makorongo. Mbele nimebaki na dramu na spoku zangu mpaka nipate foku kamili ya Pulsar, na vishikio vyake vya juu na chini, kaliper na mashine yake ya mkononi, ile pampu ya breki kwenye usukani, vyote pamoja, kutoka kwa muuzaji anayekubali kuniandikia risiti, sababu vipuri vya kukata pikipiki za watu vipo vingi na mi sitaki kusimamishwa na mwenye mali.