Katalogi ya spea za boda: kuchuja kuzuri, kupanga kwa bei bado

Nauza spea za bodaboda Tororo, na mzigo wangu mwingi unatoka kwa msambazaji mmoja wa Kampala mwenye katalogi mtandaoni. Kinachonivuta kwake ni kichujio cha stoo. Ukichagua "zilizopo", vilivyokwisha vinatoweka kabisa, na vilivyobaki vinaonyesha idadi: tairi 3.00-17, zimebaki 14. Hapo najua kama niagize leo au nisubiri. Kwingine bidhaa iliyokwisha inakaa juu kabisa, unalipa kwa simu, halafu unaambiwa ngoja. Mtaji wa duka dogo unakwama hivyo hivyo. Unaweza pia kuchuja kwa pikipiki: ukichagua Boxer, breki za TVS hazikusumbui.

Kupanga kwa bei, kuanzia ya chini, ndiko kunakoniudhi. Mfumo unasoma bei kama maneno, unatazama tarakimu ya kwanza, basi cheni ya shilingi 25,000 inatangulia taa ya 8,000. Warekebishe haraka! Tena ukirudi ukurasa wa nyuma, vichujio vyote vimefutika, na bando tunanunua kwa pesa.

Mzigo unakuja kwa basi, na mpaka sasa kilichoandikwa kipo ndicho kinachofika.