Pikapu ya kazi Tanga: ipi inastahili mafuta inayokula?

Mnunuzi wa pikapu hapa Tanga karibu kila mara huanza na swali moja: lita moja inakwenda kilomita ngapi? Ni swali la haki, kwa kuwa mafuta ndiyo gharama inayorudi kila wiki. Likiwa peke yake, hata hivyo, linapotosha. Gari la mizigo linalipwa kwa mzigo, kwa hiyo kipimo chake ni lita zinazotumika kufikisha tani moja sokoni.

Tuchukue safari ya viazi na mboga za Lushoto. Kutoka Tanga mjini kupitia Segera, Korogwe na Mombo, kwenda na kurudi ni kama kilomita 330. Kirikuu, yaani Suzuki Carry ya cc 660, ikienda kilomita 13 kwa lita itamaliza lita 25 za petroli. Inaonekana rahisi, lakini gari hilo limeundwa kubeba kilo 350, kwa hiyo kila tani imekugharimu zaidi ya lita 70. Hilux ya dizeli yenye tani moja mgongoni, kwa wastani wa kilomita 10, itakunywa lita 33. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, kwa kilomita 7, itakunywa lita 47 kwa mzigo wa tani moja na kilo mia, sawa na lita 43 kwa tani. Canter ikienda kilomita 6 kwa lita itamaliza lita 55, ukigawa kwa tani tatu unapata 18 tu. Canter hiyohiyo ukiituma na kilo 300 za pilipili manga, umechoma mafuta ya bure.

Hayo ni makadirio ya injini nzima na dereva mtulivu. Somo la hesabu ni kwamba unanunua gari kwa mzigo wako wa kila siku. Mzigo mkubwa unaotokea mara moja kwa mwezi, kodi Canter ya mtu siku hiyo. Wengi hununua gari kubwa kwa ajili ya ile siku moja, kisha mwezi mzima linazunguka mjini tupu.

Kama hujui uzito wa mzigo wako, anza na vipimo vinavyojulikana. Mifuko 20 ya sementi ya kilo 50 ni tani moja. Marobota manne ya mkonge ya kilo 250 ni tani moja. Mchanga hudanganya kuliko vyote, kwa sababu ukilowa uzito unapanda na macho hayaoni tofauti.

Nafasi ya kwanza: Hilux ya dizeli, singo kebini

Kwa mtu wa Tanga mwenye mzigo wa kati ya kilo 500 na tani moja, anayepita lami ya Muheza na Korogwe na kuingia vijijini kilomita chache, hakuna gari linalosawazisha mafuta na kazi kama hili. Singo kebini, tunasisitiza. Dabo kebini ina bodi fupi na sehemu kubwa ya mzigo inaning'inia nyuma ya ekseli. Ukipakia mbao ndefu au mabomba, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye kona za Mombo kupanda Soni hilo ni jambo la hatari. Dabo kebini inunue kama unabeba watu kweli.

Injini ni za aina mbili kwa tabia. Ya kale ni 5L ya lita 3.0, haina tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mlimani inakwenda polepole, mafuta inakula kilomita 9 au 10 kwa lita, lakini inavumilia dizeli isiyo safi na fundi yeyote anaifungua. Ya kisasa ni 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0 za Hilux za 2005 hadi 2015, na 2GD ya lita 2.4 iliyofuata. Hizi zina nguvu zaidi na zinakwenda kilomita 10 mpaka 12 bila mzigo mzito, ila nozeli zake, zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, hufanya kazi kwa presha kubwa sana na hazitaki maji wala uchafu. Dizeli ya madumu huko kijijini ndiyo adui yake wa kwanza. Chini ya filta ya dizeli pana koki: ilegeze, pampu kwa mkono mpaka dizeli safi itoke, kisha ifunge. Fanya hivyo kila mwezi, na filta yenyewe ibadilishe kila kilomita 10,000.

Kwenye 1KD na 2KD angalia jambo moja kabla ya mengine yote. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba, yaani pete ndogo ya kuziba gesi isitoke. Washa ikianza kuvuja, gesi ya moto hupanda ndani ya injini, oili inaungua na kuwa masizi mazito, masizi yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba kichujio cha pampu ya oili. Taa ya oili inapowaka, metali za krenki zimeshakwisha na unatafuta injini nyingine. Kwa hiyo nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi, umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ikigonga kwa nguvu dakika za kwanza kisha ikatulia, shuku nozeli. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwaka: mvuke mdogo si kitu, lakini ukiona moshi unapuliza kwa vishindo, acha gari hilo au dai punguzo la gharama ya kufanya injini yote. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa 1KD na 2KD ni kila kilomita 150,000. Kama hakuna anayejua, badilisha siku ya kwanza. Oili yake ni kama lita 7.

Kuna tabia ya kuongeza majani ya springi nyuma ili Hilux ibebe tani moja na nusu. Wanaofanya hivyo huwa hawajui kuwa Hilux nyingi zina valvu inayogawa nguvu ya breki ya nyuma kwa kusoma jinsi bodi ilivyokaa chini. Springi zikinyanyua bodi, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma, wakati mgongoni pana tani na nusu. Ukikuta majani yameongezwa, fundi arekebishe fimbo ya valvu hiyo kabla hujashuka mlima wowote.

Nafasi ya pili: Land Cruiser pikapu yenye 1HZ

Hii ndiyo mkonga. Silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na imekuwa ikitengenezwa tangu 1990. Inakula: kilomita 7 au 8 kwa lita kwenye lami, 5 au 6 kwenye tope na mchanga. Ukitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, Land Cruiser ya kilomita 7 itakunywa lita 2,857 pale ambapo Hilux ya kilomita 10 ingekunywa 2,000. Tofauti ni lita 857. Tukiweka lita moja Sh 3,000 kwa ajili ya hesabu, ni kama Sh milioni 2.57 kwa mwaka, na bei ya kununulia bado iko juu zaidi.

Sasa pima upande wa pili. Kama viungo vyako vinatoka Amani, au kazi yako iko Kilindi na Bumbuli ndani, masika ya Machi mpaka Mei yanageuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Hesabu siku ambazo gari jepesi lingelala njiani: mzigo unaooza, vibarua unaowalipa wakae, trekta ya kukuvuta. Zikifika siku 15 au 20 kwa mwaka, hiyo milioni mbili na nusu imerudi yenyewe. Zikiwa tatu au nne, nunua Hilux na usubiri tope likauke. Wala usinunue mkonga wa kutembelea mitaa ya mjini kama Raskazone na Ngamiani, ni kuchoma hela.

Udhaifu wake mkubwa ni joto. Silinda hedi ya 1HZ hupasuka ikichemshwa, hasa kama mtu aliongeza tabo isiyotoka kiwandani bila kurekebisha mafuta. Angalia maji ya rejeta: yakiwa na mafuta mafuta, au mapovu yanatoka injini ikiwaka, usiendelee. Mkanda wa taimingi ubadilishe kila kilomita 100,000. Oili inahitaji karibu lita 10, liweke hilo kwenye bajeti.

Nafasi ya tatu: Canter

Kwa mzigo wa tani mbili kwenda juu unaopatikana kila safari, Canter inazishinda zote, hesabu ya juu imeshaonyesha. Sharti lake ni mzigo wa kurudi nao. Ukipeleka sementi Lushoto ukarudi na viazi, umefanya biashara. Ukirudi tupu, lita zako 18 kwa tani zinabaki vilevile lakini nusu ya safari haijalipwa na mtu. Kumbuka pia kuwa magari yanayozidi tani 3.5 kwa uzito wote yanaingia mizani za barabarani, jambo ambalo Hilux haliihusu, na kubeba mizigo ya watu kwa malipo kunahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

Nafasi ya nne: Isuzu D-Max 3.0

Injini ya 4JJ1 ni ngumu, inatumia cheni badala ya mkanda, na kwa mafuta iko sawa na Hilux. Tumeishusha kwa sababu moja tu: kipuri cha Hilux utakipata Muheza au Korogwe siku hiyohiyo, cha D-Max mara nyingi kinaagizwa Dar es Salaam. Ukiipata safi na kwa bei nzuri, ichukue.

Zinazohitaji mtu makini

Ford Ranger 3.2 ya silinda tano ina nguvu za kufurahisha na kilomita 8 hadi 10 kwa lita. Ina sharti moja ambalo gereji nyingi hazilijui: oili ikimwagwa isiachwe wazi zaidi ya dakika 10, filta na oili mpya viwe tayari pembeni. Ikikaa muda mrefu, pampu ya oili hupoteza uwezo wa kuvuta na injini ikiwashwa inazunguka kavu. Mitsubishi L200 yenye 4D56 ina mikanda miwili. Mdogo wa balansi ukikatika huingia kwenye mkubwa na valvu zinagonga pistoni, kwa hiyo ibadilishwe yote kwa pamoja. Nissan Navara D40 ilijulikana Ulaya kwa chesisi kuvunjika nyuma ya kebini kwa ajili ya kutu, na kwa mji wa pwani hilo halipuuzwi.

Zile kubwa za Marekani, F-250 na wenzake, hazina nafasi hapa. Zimeundwa kuvuta trela za tani kadhaa kwenye barabara pana, usukani uko kushoto, na kipuri kitakusubirisha wiki.

Pima mafuta mwenyewe

Usitegemee geji wala maneno ya muuzaji. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika odometa, tembea angalau kilomita 300 kwa kazi yako ya kawaida, rudi kituo kilekile na pampu ileile, jaza tena mpaka ikate. Kilomita gawa kwa lita za mara ya pili. Tazama ukubwa wa tairi kwanza: Hilux iliyotoka na 205R16 ikivishwa 265/70R16, odometa inasoma pungufu karibu kilomita 5 kwa kila 100, na gari litaonekana mlafi kuliko lilivyo.

Likila kupita kiasi, usikimbilie nozeli. Gusa rimu baada ya mwendo: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inashika. Angalia upepo wa tairi na filta ya hewa. Moshi mweusi ni hewa kidogo au dizeli nyingi. Kisha uliza kama themostati ipo, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi wa pwani huitoa wakidhani wanaisaidia injini isichemke, na matokeo yake injini haifiki joto lake, dizeli haiungui vizuri, inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Themostati mpya ni nafuu kuliko tangi moja la dizeli.

Kutu

Hapa ndipo gari la Tanga linapokufa. Pikapu iliyobeba samaki na barafu kutoka Deep Sea au Sahare imemwagiwa maji ya chumvi ndani ya chesisi kwa miaka. Rangi mpya nyeusi chini ya gari ni sababu ya kushuku zaidi. Nenda na nyundo ndogo, gonga chesisi juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikizwa: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Ingiza kidole kwenye matundu ya chesisi, ukitoa magamba makubwa achana nalo. Gari kutoka Hokkaido, kaskazini mwa Japani, nalo lichunguzwe vilevile, barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ukishanunua, osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya kubeba samaki, na puliza oili nzito ndani ya chesisi kila mwaka kabla ya masika.

Mwisho wa ukaguzi, soma namba iliyogongwa kwenye chesisi upande wa kulia karibu na tairi la mbele, uilinganishe herufi kwa herufi na kadi ya gari. Isiposomeka kwa kutu au ikiwa imeguswa na grainda, usitoe hata malipo ya awali.