Uzoefu wangu: Fundi wa Mustang yangu alijua, akanyamaza

Huyu mtu alijua. Yeyote anayefikiria kumpelekea gari la zamani aanze kusoma hapo, kabla sijamsifu, maana nitamsifu, tena sana. Alijua kasoro iliyobaki kwenye gari langu, akapokea pesa, akanikabidhi ufunguo, akanyamaza. Na siku kasoro hiyo ilipotaka kutumaliza mimi na mama yangu katikati ya msitu wa Mabira, njia ya Kampala kwenda Jinja, akanitukana kwa simu.

Gari lenyewe ni Ford Mustang la 1967, usukani kushoto. Marehemu baba alilinunua kwa Mmarekani aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, miaka ile sisi bado wadogo pale Jinja. Vipimo vyake sitavitaja, viko kila mahali kwa anayevitaka. Ninachosema ni kwamba injini yake ya V8, ya silinda nane, ilikuwa imechoka: inakula oili, inachemka kwenye foleni ya Jinja Road, na kila kidude cha kabureta, kile kinachochanganya mafuta na hewa, ni cha kuagiza ng'ambo na kusubiri mpaka usahau uliagiza nini. Kuliuza sikutaka hata kusikia. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo gari kama hili ukiliachia huleti lingine hivihivi. Na hata lingeletwa, lisingekuwa la baba.

Tukakubaliana na fundi kutoa V8 na kuweka injini ya Toyota, 2JZ ya lita tatu, silinda sita za mstari mmoja. Najua wapo watakaokunja uso hapa. Mustang bila V8! Mimi mwenyewe niliumia, maana mlio ule ndio uliokuwa unatuambia baba amefika kabla taa hazijapinda kona. Lakini spea za 2JZ unaingia Soko la Kisekka hapa Kampala asubuhi, mchana uko nazo mkononi. Isitoshe, Ford wenyewe walikuwa wakiuza Mustang zenye silinda sita za mstari, na ilipofika 1967 walilipanua gari ili injini kubwa zaidi ziingie. Nafasi ipo, haihitaji kukatakata bati la urithi. V8 sikuiuza. Imefunikwa turubai nyumbani Bugembe, karibu na Jinja, na haiuzwi, msiniulize.

Sasa sifa zake, na hizi nazitoa kwa moyo wote.

Mguu wa mbele wa Mustang hizi, yaani springi na vyuma vinavyoshika tairi, una tabia yake. Springi imekalia mkono wa juu, kile chuma cha juu kinachoshika tairi, na kichwa chake kinasukuma mnara wa bati uliomo ndani ya boneti, mmoja kila upande. Kwenye barabara laini hakuna neno. Kwenye barabara zetu, minara hiyo inaanza kuegemeana, bati linachanika polepole chini ya rangi, na mwenye gari haoni. Ford walilifahamu hilo mapema: zile walizotengeneza kwa ajili ya kuuzwa nje waliziwekea pande la chuma linalofunga minara yote miwili na ukuta ulio nyuma ya injini. Langu halikuwa nalo, kwa kuwa yule Mmarekani alikuja nalo kutoka kwao, na lilikuwa limetengenezwa kuuzwa huko huko. Fundi hakuniambia kitu siku ya kwanza. Alipitisha kidole kwenye mshono wa mnara wa kulia, akakwangua rangi kwa kucha, akanionyesha ufa. Baba aliliendesha vile miaka yote, nasi watoto tumejazana nyuma.

Aliuchomelea ufa ule, akatengeneza pande la chuma kwa mikono yake, likakaa utadhani limetoka kiwandani. Kisha akashusha kidogo tundu zinakofungwa mikono ya juu. Ufundi huo si mpya. Carroll Shelby, mtengenezaji wa Mustang za mbio kule Marekani, aliutumia kwenye GT350 zake za 1965, na faida yake ni kwamba gari likiinama kwenye kona, tairi halilali nalo. Akaweka shokabzoba za kurekebishika, springi zimezizunguka, na nyuma akabakiza springi za mabamba lakini mpya, na bushi mpya kila palipo na bushi. Breki za mbele akatoa za ngoma, akaweka za diski.

Kubwa kuliko yote, alikataa kulishusha gari. Mimi nilitaka liinamie chini kidogo kama yale ya kwenye picha. Akasema, "Ndugu yangu, ukilishusha, tuta la kwanza pale Banda linaondoka na karteri." Yaani lile bakuli la oili chini ya injini. Akaliinua. Mnakumbuka mwaka 2023 Dakta Spire Ssentongo, yule mchora katuni, alivyowaita watu waonyeshe mashimo ya Kampala mtandaoni, nchi nzima ikaona tunachoendeshea? Mashimo yale nayapita sasa na mama anaendelea na mazungumzo yake bila kukatika. Mtu anayejua kufanya hivyo kwa gari la 1967 ni fundi kweli. Kwa mguu wa gari, sijaona anayemfikia hapa mjini.

Siku ya kulijaribu nililipeleka barabara ya mwendokasi ya Entebbe. Nikalipa elfu tano yangu pale getini, nikakanyaga hadi mia, kilomita zinazoruhusiwa, nikaachia usukani mkono mmoja. Halikuyumba. Zamani kwa mwendo huo baba alikuwa anausahihisha usukani muda wote, huku na huku, mpaka mabega yanamuuma. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Nilirudi gereji jioni ile ile nikamlipa salio lote bila kuomba apunguze hata shilingi. Wakati huo ningeandika uzoefu huu, mngesoma nyota tano na dua juu yake.

Sasa Mabira.

Hazikupita wiki nyingi, tulikuwa tunakwenda Bugembe kwenye arusi ya mpwa wangu. Mama kaketi mbele, kavaa gomesi yake mpya, mkoba umejaa zawadi magotini. Tukapita Mukono, tukapita Lugazi, tukasimama Najjembe kununua kuku wa kuchoma na gonja, kwa sababu mama hapiti Najjembe bila kusimama. Tukaendelea. Mbele kidogo kuna mlima wenye kona, msitu umefunga pande zote mbili, na nyuma yetu kulikuwa na trela la mzigo limetukaribia. Nikakanyaga mafuta nipande. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima.

Wanaojua magari wanajua kinachofuata. Injini ikizima, ile nguvu ya kusaidia breki inabaki ya kukanyaga mara moja mbili, halafu pedali inakuwa jiwe. Gari lilisimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Nimekanyaga kwa miguu yote miwili, mkono kwenye breki ya mkono, trela linapiga honi ndefu, mama anasoma shahada kwa sauti. Dereva wa trela Mungu ampe maisha marefu, alilitupa kulia akatupita kwa upana wa kiganja. Vijana wawili wauza gonja walikuwa wametuona, wakakimbia na mawe wakayasukumiza nyuma ya tairi. Mama hakushuka. Alishindwa kushuka, miguu ilimkataa.

Nikampigia fundi papo hapo. Sikupiga kugomba, jamani. Nilipiga kuomba msaada, nimuulize nifanye nini nitoke kwenye kona ile kabla giza halijaingia. Nikamweleza: mlima, kona, limezima, pampu inalia lakini haliwaki. Akaniuliza mshale wa mafuta uko wapi. Nikamwambia karibu na robo. Naye akajibu, nayanukuu kama yalivyo kwa sababu yamenikaa kichwani:

"Si nilidhani utakuwa unajaza! Injini ile na tangi lile haliendi chini ya nusu. Mtu ana Mustang halafu anaishi kwa mafuta ya elfu ishirini?"

Halafu akacheka, na kijana mmoja gereji akacheka naye, nikasikia. Akakata.

Isomeni tena. *Injini ile na tangi lile haliendi chini ya nusu.* Hakukisia, hakuuliza zaidi, hakusema ngoja nifikirie. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Alikuwa nalo siku aliponikabidhi ufunguo, na siku nilipokwenda kumlipa salio nikiwa nimejaa furaha, akanipa mkono na kuniambia, "Safiri salama."

Kwa wasiojua, nawaeleza, maana hili linaweza kumuua mtu mwingine. Kabureta ina bakuli lake la mafuta. Tangi likiyumba, pampu ikavuta hewa kidogo, bakuli lile linaendelea kuilisha injini, wewe hata huhisi. Injini ya sindano kama hii 2JZ, inayopuliziwa mafuta kwa msukumo, haina bakuli. Inataka mafuta yafike kwa msukumo wa karibu baa tatu kila sekunde, na pampu ikimeza hewa tu, msukumo unaanguka na injini inazima. Tangi la Mustang ni bapa, limelala chini ya buti, na ndani halina kuta za kuyazuia mafuta. Yakipungua, yanakimbia humo ndani kama maji kwenye sinia: ukipanda mlima yanarudi nyuma, ukikata kona yanalala upande mmoja, na mdomo wa bomba unabaki mkavu. Dawa yake inajulikana na kila anayefanya kazi hii. Ama unaweka tangi lenye kuta ndani, ama unafunga tangi dogo la kati linalojazwa na pampu ya kwanza, ili pampu ya pili ivute humo ambamo daima mna mafuta.

Na nimelipia! Risiti ninayo. Mstari wa katikati, kwa mwandiko wake, umeandikwa "tangi na pampu" na bei yake pembeni. Tulipofungua buti baadaye, tangi ni lile lile la zamani, wamelipaka rangi nyeusi nje. Pampu kweli ni mpya.

Kuhusu elfu ishirini. Lita moja ya petroli wakati ule ilikuwa inacheza karibu na elfu tano. Watu wengi ninaowajua Kampala wanaweka mafuta kwa kiasi alicho nacho mtu mfukoni siku hiyo, mwenye Mustang na mwenye Vitz. Hata tajiri asiyeshusha mshale chini ya nusu bado anastahili kuambiwa gari lake lina nini. Angeniambia "pesa haikutosha kwa tangi, kwa sasa usishuke chini ya nusu," ningemshukuru, ningejaza, ningesubiri mpaka nipate. Alichagua kuninyima maneno hayo, kisha akanicheka mbele ya mama yangu kwa kutoyajua. Kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika, mama alisikia kila kitu. Mpaka leo mama amekataa kuingia kwenye gari la mume wake.

Tulivutwa hadi Njeru usiku, arusi tukaikuta imekwisha. Fundi mwingine, kijana wa Ndeeba asiye hata na kibao mlangoni, ndiye aliyefunga lile tangi dogo la kati. Kazi ya kutwa, si zaidi. Kwanza alinikalisha akanichorea kwenye boksi la filta jinsi mafuta yatakavyopita. Nimerudi Mabira kwa makusudi, peke yangu, mshale chini ya robo, nimepanda mlima ule ule kwa nguvu. Halijakohoa.

Kwa hiyo nitoe nyota ngapi? Nimeandika tano nikafuta, nikaandika moja. Ile moja nayo naiangalia naona si haki kwa mikono ya yule mtu, kwa ufa alioukuta kwa ukucha, kwa mnara uliokuwa unamngoja mwanangu achukue usukani siku moja. Kisha nakumbuka kicheko kile kwenye spika. Weka mbili. Hapana, moja ibaki. Bati lililochanika alilishughulikia kwa sababu linaonekana na linamletea sifa, na tangi halionekani.

Wiki iliyopita amenitumia ujumbe, si wa kuomba radhi. Anataka kulipiga gari picha za matangazo yake. Namjibu hapa hapa: pesa ya mstari ule wa risiti airudishe, na amwombe mama radhi kwa kinywa chake, Bugembe anapajua. Shokabzoba za mbele zinataka kukazwa tena kabla ya mvua, na ni yeye tu hapa Kampala ninayemwamini kuzigusa. Nimeshika simu mara kadhaa nimpigie. Bado sijampigia.