Usinunue vanishi ya madirisha kabla ya kuuliza swali hili

Mwezi wa sita mwaka jana nilikuwa nikifunga dirisha la chumba cha mama, kidole kikazama ndani ya fremu kama kinavyozama kwenye muhogo uliochemshwa. Juu, vanishi ilikuwa bado inang'aa. Chini yake mbao imekuwa nyeusi, inanuka kuvu, ukiibinya inatoa maji. Vanishi hiyo niliinunua mwenyewe hapa Lamu, msimu wa kaskazi wa mwaka juzi, na muuzaji aliniapia mara mbili kwamba ni ya nje. Kopo bado ninalo. Nililifuta vumbi nikasoma maandishi madogo ya ubavuni: kwa fanicha za ndani.

Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi wa majahazi, mafundi wa milango, na kila jirani wa mtaa wetu wa Langoni mwenye dirisha linaloelekea baharini. Sitazungumzia rangi ipi inapendeza wala ipi inakauka upesi. Swali langu ni moja, na sijamsikia mnunuzi hata mmoja akiliuliza dukani: kitu hiki kikichoka, kinababuka au kinafifia?

Kinachobabuka ni kile kinachofanya ngozi juu ya mbao. Jua letu hupenya vanishi isiyo na rangi, likaila mbao ya chini mpaka ngozi ikakosa pa kushika. Fremu nayo hutanuka wakati wa mvua na kunywea wakati wa kaskazi. Ngozi ngumu haiwezi kuifuata, ikapasuka pale kwenye kona, ubao wa kusimama unapokutana na ubao wa chini. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Mbao hunywa maji kwa ncha zilizokatwa upesi mno kuliko kwa ubavu, na maji yakishaingia, ngozi ile ile inayazuia kutoka. Unyevu wa mbao ukipita asilimia 20 hivi, uozo umepata makao. Tena kwenye nyumba zetu za mawe ya matumbawe, hasa zilizopigwa plasta ya saruji badala ya chokaa, ukuta haupumui na fremu inalowa kwa nyuma pia.

Ya kwanza kwangu ni Sadolin, dawa ya mbao ya kopo, na sioni haya kusema naipendelea. Huzama, na nyuzi za mbao bado zinaonekana. Chukua yenye rangi ya kahawia iliyokoza, maana rangi ndiyo inayokinga mbao na jua. Isiyo na rangi iache. Anza na aina yake iitwayo Classic, ambayo ni nyembamba, kisha upake mikono miwili, yaani mara mbili, ya aina iitwayo Extra juu yake. Ikichoka hufifia na kukonda. Unaosha, unapiga msasa kidogo, unarudia, huna haja ya kukwangua mpaka kwenye mbao tupu. Dirisha la jikoni nililipaka hivyo kabla ya masika. Limepita mvua zote za Mei, na kona zake nazigusa kila Ijumaa: kavu.

Ya pili ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakichanganywa na tapentaini. Hii ni akili ile ile ya wazee wetu waliopaka majahazi sifa, yale mafuta ya papa: mafuta yaingie, yasikae juu. Shida ni kwamba kuvu hula mafuta ya kitani. Kwenye mbao ngumu ya bambakofi inayopigwa na upepo ni mazuri sana. Kwenye dirisha la kichochoro cha mtaa wa Mkomani lisiloona jua, vidoto vyeusi vitajaa. Na vitambaa ulivyofutia mafuta hayo usivikunje ukavitupa pembeni. Hupata moto vyenyewe vikawaka, na sisi wengine tumeezeka makuti. Viloweke kwenye maji au uvitandaze nje.

Vanishi ya mashua naiweka ya tatu. Inanyumbulika na ina kinga ya jua, lakini bado ni ngozi: inataka mikono mingi na kurudiwa kila mwaka. Inamfaa mwenye nyumba ya wageni Shela aliye na mtu wa kuitazama. Rangi ya mafuta inafuata, kwa sababu hiyo hiyo. Kama fremu zako zina rangi ya zamani, ikwangue ikiwa imeloweshwa na uvae barakoa, kwani rangi nyingi za kale zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Mafuta machafu ya injini, na vanishi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji: hapana.

Sasa wauzaji. Najua kopo linatoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, linavuka kwa boti, linabebwa na punda mpaka dukani. Bei ikipanda naelewa. Nisichokielewa ni kopo lililokaa juani mpaka kifuniko kikashika kutu kuuzwa bei ya kopo jipya, na ukiomba lifunguliwe ulikoroge unaangaliwa kama mwizi. Duka moja niliambiwa nimlete fundi, ati haya ni mambo ya wanaume. Na fundi naye mara nyingi ana chake pale dukani, ndiyo maana anakuelekeza huko huko. Mimi sasa namlipa fundi kazi yake, kopo nanunua mwenyewe, na nalisoma ubavu wote kabla ya kutoa pesa.

Kazi ifanyike Januari au Februari. Kwanza fremu ioshwe kwa maji matamu, kwa sababu chumvi ya bahari iliyobaki kwenye mbao huvuta unyevu hata chini ya rangi mpya. Kuvu lisuguliwe kwa sabuni na brashi, kisha mbao iachwe siku kadhaa ikauke. Halafu mbawa za dirisha zitolewe kwenye bawaba na zigeuzwe kichwa chini, ukingo wa chini upakwe tena na tena mpaka mbao ikatae kunywa. Mafundi watatu nimewaita nyumbani kwangu, na hakuna aliyeugusa ukingo huo bila kuambiwa.